Uanze na Mteja, na Mashine, au na Mfano wa Jirani? Njia Tatu za Kuanzisha Bidhaa Uganda

Mna kompyuta, mna ujuzi, na akiba inatosha kuwalisha miezi michache. Kinachowagawa ni pa kuanzia. Mmoja wenu anasema twende soko la Kalerwe, Kampala, tukakae na wauza nyanya mpaka tuijue shida yao. Wa pili alitengeneza vihisi akiwa Makerere na hataki ujuzi ule ulale. Wa tatu ametoka Nairobi juzi, ameona programu inayouza vizuri, na anauliza kwa nini muumize vichwa wakati jirani ameshalipa ada ya kujifunza.

Kwenye semina za wabunifu jibu huwa moja: anza na mteja, teknolojia itafuata. Steve Jobs aliwaambia watengeneza programu maneno ya namna hiyo mwaka 1997 aliporudi Apple, na tangu hapo yamerudiwa mpaka yamekuwa kama dua ya kufungulia mkutano. Nayaamini kwa sehemu kubwa. Ila nimeona pia vijana waliokuwa na kifaa kizuri mkononi wakiambiwa wakiweke kando wakagawe madodoso, na wengine wakizunguka mtaani kutafuta haja mpya ilhali haja iliyo mbele yao inajulikana tangu enzi za babu zao.

Kwa hiyo nimeziweka njia zote tatu sambamba na kuzipima kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni gharama ya kukosea, yaani utakuwa umemwaga kiasi gani siku utakapogundua kuwa ulipotea. Cha pili ni muda hadi shilingi ya kwanza kutoka kwa mtu asiye ndugu yako wala mfadhili. Tuzo ya mashindano siihesabu. Cha tatu ni mlango wa kujidanganya, maana kila njia ina uongo wake mtamu. Cha nne ni mazingira ya hapa: simu watu walizonazo, mtandao, kodi, vibali. Cha tano ni waigaji. Kisha nasema njia inamfaa nani. Kigezo cha tatu nitakaa nacho zaidi, kwa sababu pesa ikiisha mtu hujua imeisha, lakini anayejidanganya anaweza kuendelea mwaka mzima akiwa na furaha.

## Kuanza na haja ya mteja

Mfano ninaoupenda wa haja iliyoitangulia teknolojia haukubuniwa na kampuni yoyote. Mwaka 2003 MTN Uganda na Grameen Foundation walianzisha simu za vijijini: mtu mmoja ana simu, majirani wanamlipa kupiga. Haukupita muda watu wakaipatia matumizi ambayo hayakuwa kwenye mpango. Aliye Kampala ananunua kadi ya muda wa maongezi, anampigia mwenye simu kijijini na kumsomea namba za siri za kadi. Yule anajiwekea salio, anakata chake, na kinachobaki anampa mama wa mpigaji kwa taslimu. Desturi hiyo ikajulikana kama sente, na Jan Chipchase, aliyekuwa mtafiti wa Nokia, aliieleza kwa watu wa nje. MTN Mobile Money ilipoingia mwaka 2009, hapakuwa na kazi kubwa ya kuwashawishi watu kwamba pesa inaweza kupita kwenye simu. Walikuwa wakiipitisha tayari, kwa kuzunguka, na kwa makato ambayo mwenye simu alijipangia mwenyewe.

Huko ndiko haja inakokaa: pale ambapo mtu ameshaanza kulipia suluhisho bovu. Mtu anayelalamika tu bado hajakuonyesha kitu. Anayelalamika na bado analipa, huyo msogelee.

SafeBoda nayo ilishika upande huu. Mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwendesha bodaboda, na kitu cha kwanza kilichoonekana barabarani Kampala hakikuwa programu. Kilikuwa kofia ngumu ya rangi ya machungwa, ya dereva na ya abiria, pamoja na mafunzo ya usalama. Programu ya simu ilikuja kubeba ahadi ambayo abiria angeweza kuiona kwa macho akiwa bado kwenye steji.

Gharama ya kukosea. Ndogo kuliko zote tatu. Nauli, chakula, daftari. Kinacholika ni muda, na muda wa vijana wenye kodi ya nyumba si bure.

Muda hadi shilingi ya kwanza. Unaweza kuwa mfupi sana ukikubali kuitoa huduma kwa mkono kabla ya kuandika programu: oda zinakuja kwa WhatsApp, malipo yanapokelewa kwa mobile money, hesabu ziko kwenye jedwali la kawaida. Wengi huikimbia hatua hii kwa sababu haina sura ya teknolojia na huwezi kuionyesha mbele ya majaji. Mimi naiona ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Ukishafanya kazi ile kwa mkono, unajua ni kipande gani kinastahili kuachiwa mashine na kipi watu wanataka kubaki nacho mikononi mwao.

Mlango wa kujidanganya. Hapa ndipo sifa ya njia hii huvuja. Watu wetu wana adabu. Kijana akija na shati safi na kompyuta, akauliza kama programu yake itasaidia, jibu ni "nzuri sana, mtuletee". Nani atamvunja moyo mtoto wa mwenzake? Kuna maeneo, hasa yaliyozoea miradi na makambi ya wakimbizi, ambako watu wameulizwa maswali na mashirika mengi mpaka wanajua jibu linalofuatwa na sabuni au nauli ya kurudi nyumbani. Na ukiuliza kwa Kiingereza unapata majibu ya darasani. Uliza kwa Kiswahili Busia au Bombo, kwa Kiganda Kalerwe, kwa Kiateso Soroti, na mtu ataanza kusema mambo mengine kabisa.

Dawa ni kutazama zaidi ya kuuliza. Nichukue soko la Busia. Kuna mama muuza mukene, yaani dagaa, ambaye kijana mmoja alitaka kumpa programu ya kutunza madeni. Haja ilionekana wazi: mama anakopesha, anaandika kwenye daftari la shule, kurasa zimelowa mafuta ya samaki. Kijana akaanza kuingiza majina kwenye simu. "Mama Pili kibanda cha bluu." "Boda wa sweta." "Mwalimu, mwisho wa mwezi."

"Mama, namba ya simu ya huyu boda wa sweta ni ngapi?"

"Namba ya nini, mwanangu? Huyu anapita hapa kila jioni."

Programu haikukubali kuendelea bila namba ya simu. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba daftari lile halifungwi. Linalala wazi juu ya meza kando ya mizani, ukurasa wa madeni ukitazama juu, ili mdaiwa akija kununua tena aone jina lake na aliyesimama nyuma yake alione pia. Hakuna anayemdai mtu kwa sauti. Daftari linadai. Kuyahamishia majina kwenye simu yenye neno la siri ni kumnyang'anya mama chombo chake cha kukusanyia pesa, halafu kumwambia amesaidiwa.

Kijana alipokaa mpaka magunia yakafika kutoka Majanji, kule ziwani, akaona jambo ambalo mama hakulitaja alipoulizwa shida zake. Analipa mtu wa kumsindikizia mzigo. Hamwamini sana, na kila gunia linaposhuka analinyanyua kwa mkono mmoja akikisia kama limepunguzwa njiani. Hapo pana haja, na tayari kuna pesa inayotoka mfukoni kwa ajili yake. Haihusiani na madeni hata kidogo.

Mazingira. Njia hii inakufundisha mapema mambo ambayo njia nyingine hukufundisha kwa hasara: kwamba wateja wako wengi wana simu ya tochi na watahitaji menyu ya nyota na reli kama wanavyobonyeza *165# ya MTN Mobile Money, kwamba simu moja inatumiwa na nyumba nzima, kwamba bando hununuliwa kwa siku. Julai 2018 Serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na 2021 ilipoibadilisha kuwa asilimia 12 juu ya bando la intaneti, aliyekuwa anakaa karibu na wateja aliona mabadiliko ya matumizi kabla hayajafika kwenye ripoti.

Waigaji. Udhaifu mkubwa. Haja ya watu haisajiliwi popote. Ukionyesha kwamba wauza mukene watalipia kusindikiziwa mizigo, mwenye pikipiki nyingi kuliko zako ataingia wiki ijayo. Unachobaki nacho ni uaminifu uliojenga na mambo madogo unayoyajua kwa kukaa pale.

Inamfaa nani. Mwenye pesa kidogo, asiyeona aibu kukaa kwenye ndoo sokoni siku nzima, anayezungumza lugha ya wateja wake, na ambaye hajafunga ndoa na teknolojia yoyote. Inamfaa zaidi anayeingia katika biashara ambayo watu wanaendesha tayari bila yeye.

## Kuanza na teknolojia

Njia hii imepewa jina baya kuliko inavyostahili. Anayeicheka hutoa mifano ya vifaa vilivyotafutiwa kazi bila kuipata, na ni kweli vipo tele. Lakini karatasi zile ndogo za manjano zinazobandikwa na kubanduka zilizaliwa hivyo. Spencer Silver wa kampuni ya 3M alikuwa akitafuta gundi kali mwaka 1968, akapata gundi dhaifu isiyo na kazi. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyechoshwa na vialamishi vilivyokuwa vikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya, akaona pa kuitumia. Bidhaa iliuzwa Marekani nzima mwaka 1980. Hakuna mteja aliyewahi kuomba gundi isiyoshika vizuri. Tazama pia miaka iliyopita katikati: ni kampuni kubwa tu inayoweza kusubiri hivyo.

Hapa kwetu mfano unaojulikana zaidi ni Kiira. Gari la umeme lenye viti viwili, Kiira EV, liliendeshwa Makerere mwaka 2011. Likafuata Kiira EVS mwaka 2014, kisha mwaka 2016 basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Leo Kiira Motors ina kiwanda Jinja na nguvu yake iko kwenye mabasi. Ukitazama safari hiyo unaona teknolojia ikisogea taratibu kumfuata mteja: gari la watu wawili ni onyesho la uwezo, basi ni kitu ambacho mji wenye msongamano unaweza kukinunua. Safari yenyewe ililipiwa na Serikali, na sijui kikundi cha vijana watatu ambacho kingeweza kuimaliza kwa akiba yao.

Kuna mfano mwingine ambao kwangu ndio unaoitetea njia hii vizuri zaidi. Brian Gitta alipimwa damu mara kadhaa kabla ya malaria yake kuonekana. Yeye na wenzake wakaanza kutengeneza Matibabu, kifaa cha kubana kidole kinachotumia mwanga na sumaku kutafuta dalili za malaria bila kutoboa ngozi, na mwaka 2018 wakashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Sasa jiulize: wangepata nini kwa kuzunguka Lira wakiuliza watu kama wanataka kipimo cha malaria kisichochoma? Kila mzazi angesema ndiyo, na ndiyo hiyo ingekuwa ya kweli. Haja haikuwa na shaka. Shaka yote ilikuwa kama mwanga na sumaku vinaweza kuifanya kazi ile kwa uhakika ambao daktari ataukubali. Panapokuwa hivyo, kuanza maabara ni busara.

Gharama ya kukosea. Kubwa. Vipuri vinaagizwa nje, vinakaa forodhani, vinaungua umeme ukicheza. Kila toleo lina bei yake, na toleo la kwanza halifanyi kazi.

Muda hadi shilingi ya kwanza. Mrefu, na kama kifaa kinagusa mwili wa mtu ni mrefu zaidi, kwa kuwa kuna majaribio na idhini ambazo haziharakishwi na hamu yako.

Mlango wa kujidanganya. Makofi. Kifaa kinachowaka taa kinapendeza jukwaani kuliko jedwali la oda za mukene. Wageni hupiga picha nacho, gazeti linaandika, na mwaka unapita mkiitwa wabunifu bila kuwa na mnunuzi hata mmoja. Mlango wa pili ni tabia ya kuikuza haja ili ilingane na kifaa: una droni, basi ghafla kila tatizo la mkulima linaonekana kutoka juu. Ukijisikia unaanza sentensi na "tukiwaelimisha wataona umuhimu wake", simama hapo hapo uulize nani analipia kitu kinachokaribiana na hicho leo.

Mazingira. Yanaweza kuwa silaha yako. AirQo, kikundi cha Makerere kilichoanza mwaka 2015, kinatengeneza vipima hewa vya bei nafuu vilivyokusudiwa kustahimili vumbi, joto na umeme wa hapa. Vingine vimefungwa hata kwenye bodaboda. Kifaa cha ghali kilichoundwa kwa ajili ya mji wa Ulaya hakikuwahi kuwaza habari ya vumbi la Kampala wakati wa kiangazi. Mhandisi aliyekulia hapa anaanza na vumbi hilo.

Waigaji. Hapa njia hii inashinda. Ulichotumia miaka kukijua hakiigwi kwa wiki, na uvumbuzi unaostahili unaweza kulindwa chini ya Sheria ya Mali za Viwanda ya 2014 kupitia URSB, ofisi ya usajili ya Uganda.

Inamfaa nani. Mwenye ujuzi adimu, mwenye maabara au chuo nyuma yake, na mwenye mlipaji anayeweza kusubiri. Masharti hayo yote matatu, sio moja. Mwenye ujuzi adimu na akiba ya miezi mitatu yuko hatarini kuliko asiye na ujuzi, kwa sababu ujuzi wake utamzuia kuacha.

## Kuiga kinachofanya kazi kwingine

Wengi wanaifuata njia hii na wachache wanaikiri. Wala haina aibu. Mobile money yenyewe ilitanguliwa na M-PESA ya Kenya, iliyozinduliwa Machi 2007. Na hata M-PESA ilipojaribiwa mwanzo ilikusudiwa wakopaji walipe mikopo midogo kwa simu. Ni watumiaji waliogeuza jaribio kuwa njia ya kutumiana pesa. Aliyeiga baadaye aliiga kilichokwisha kunyooshwa na wateja wenyewe.

Lakini bidhaa ileile ilipopelekwa Afrika Kusini na Vodacom mwaka 2010, haikushika, ikafungwa mwaka 2016. Kule watu wengi walikuwa na akaunti za benki, maduka na mashine za kutolea pesa karibu. Uganda ilifanana na Kenya kwa jambo moja lililohusika: mtoto yuko mjini, mzazi yuko kijijini, na katikati hakuna benki. Anayeiga anapaswa kulinganisha jambo hilo moja. Kufanana kwa lugha, vyakula au mipaka kunapumbaza.

SafeBoda, iliyoota hapa, iliingia Nairobi mwaka 2018 na kutoka mwaka 2020, mwaka wa korona. Upande wa chakula, Jumia Food ilifungwa katika nchi zake zote, Uganda ikiwemo, mwishoni mwa 2023, na kampuni ikasema biashara hiyo haikuendana na hali ya soko ilivyokuwa. Nami naongeza langu: mji ambao muuza rolex yuko kila kona, anakukaangia chapati na mayai ukisimama pale pale, si mji rahisi kumtoza mtu pesa ya kuletewa chakula. Walio tayari kulipa wapo, Kololo na Ntinda wanaonekana, ila swali ni kama wanatosha kulisha pikipiki zote zile.

Gharama ya kukosea. Ya kati, na inakuja kwa mkupuo. Kuijenga ni rahisi kwa kuwa ramani ipo. Kuwapata wateja ndiko kunakomeza pesa, maana bidhaa za kuigwa mara nyingi hutaka punguzo la bei na matangazo kuanzia siku ya kwanza.

Muda hadi shilingi ya kwanza. Mfupi. Tahadhari tu: shilingi iliyokuja kwa sababu ya punguzo haikwambii kama itarudi punguzo likiisha.

Mlango wa kujidanganya. "Imethibitishwa." Imethibitishwa wapi, kwa nani, na kwa pesa ya nani? Kampuni unayoitazama Nairobi au Lagos huenda yenyewe inaendeshwa na pesa za wawekezaji na haijapata faida tangu izaliwe. Unaona magari na mabango, huoni vitabu vyao vya hesabu. Wahenga walikwisha tuonya kuhusu kumwiga tembo, sina haja ya kuumalizia usemi huo.

Mazingira. Hapa ndipo wengi hukwama. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi na watu wakazoea kuiingia kwa VPN, programu za kukwepa kufungiwa. Ukileta programu inayomtaka mtu ajisajili kwa Facebook, au biashara inayotegemea matangazo ya huko kama jirani anavyofanya, umeshaanza kwa mguu mmoja. Ukiiga pochi ya pesa, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2020 inakutaka upate leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Ukikusanya taarifa za watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Mwenzako wa ng'ambo ya mpaka ana sheria zake, na bei zake zilipangwa kuzizingatia hizo.

Waigaji. Wewe ni mwigaji. Mwenye asili akiamua kuvuka Malaba na mtaji wake, utakachomzuia nacho ni mtandao wa mawakala na jina ulilojijengea. Kama huna hivyo, huna kitu.

Inamfaa nani. Mwenye nguvu ya uendeshaji: anayejua kuajiri, kusimamia madereva, kufunga hesabu kila jioni, kuzungumza na maofisa. Pia mwenye mtaji wa kutosha kuvumilia msimu wa punguzo. Kwa mbunifu anayependa kuunda vitu vipya, njia hii itamchosha haraka.

## Uchague vipi?

Kwanza andikeni swali moja ambalo hamlijui na ambalo likijibiwa vibaya biashara inakufa. Kama swali ni "je, kuna mtu atalipia hiki?", anza na mteja. Kama ni "je, kinawezekana kutengenezwa kwa bei hii na kikafanya kazi?", anza na mashine. Kama ni "je, kilichofanya kazi kule kitafanya kazi hapa?", iga, lakini kwa eneo dogo. Vikundi vingi huchagua njia inayojibu swali wanalolijua tayari, kwa sababu ndilo linalowapa raha. Mhandisi hujenga. Mpenda watu huhoji. Mwenye pesa hunakili.

Kama ninyi ni wanafunzi mliomaliza chuo na hamna mfadhili, akiba ni ya miezi michache, kaeni na wateja, muuze kitu kwa mkono kabla ya mwezi kwisha, hata kiwe kidogo kiasi gani. Ujuzi wenu wa vihisi hautaoza. Mizani ya kupimia gunia la mukene nayo inaweza kuhitaji kihisi siku moja.

Kama uko kwenye maabara ya chuo na kifaa chako kinashughulikia jambo ambalo hakuna anayebisha, iwe malaria, moshi wa jiko au aflatoksini, sumu ya ukungu, kwenye mahindi, endelea na mashine. Ila tafuta mapema atakayelipa, maana mgonjwa na mlipaji mara nyingi ni watu wawili. Wanaonunua vipimo kwa wingi ni Serikali na mashirika. Nenda ukakae na afisa manunuzi kama wengine wanavyokaa sokoni, ujue bajeti yake hufungwa mwezi gani na karatasi zipi humpa usingizi.

Kama umefanya kazi miaka mingi katika biashara fulani, umekuwa wakala wa mobile money, dereva wa lori la Mombasa, muuza pembejeo Mbale, wewe haja unayo kichwani na huhitaji dodoso la kuianzia. Mtafute fundi wa programu na umwongoze wewe. Jambo la kuangalia ni kwamba unaijua haja ya upande wako wa meza. Ya mteja wako huenda ikawa tofauti, na wakala anayetaka foleni ifupike si sawa na mteja anayetaka asikatwe pesa mara mbili.

Kama una mtaji wa kweli na timu inayojua kuendesha, kuiga kunaweza kukufikisha kwanza. Chukua kata moja, sio Kampala nzima. Toza bei kamili bila punguzo kwa muda, uone nani anabaki. Waliobaki waulize walikuwa wakifanya nini kabla yako na walikuwa wakilipa kiasi gani. Majibu yao ndiyo yatakayokwambia ubadilishe nini kwenye nakala yako.

Na kama mko watatu kama wale wa mwanzo, kila mmoja na njia yake, msipige kura. Mpeni yule wa Kalerwe wiki zake za kwanza, kwa kuwa ndizo za bei rahisi, na wenzake waende naye: mhandisi akatazame watu wanavyoshika vitu, wa Nairobi akatafute lile jambo moja linalofanana au lisilofanana na kule alikotoka. Wakirudi na mtu anayelipia suluhisho bovu, wana kazi. Wakirudi mikono mitupu, kifaa cha mhandisi bado kipo kabatini na nauli ya Nairobi haijapanda.